Jinsi ya kumtuliza kasuku anapotaka kutaga

KASUKU jike anayefugwa peke yake anaweza kutaga mayai bila kukutana na dume. Mayai hayo hayaanguliwi, lakini mwili wake hulipa gharama ile ile ya madini na nguvu. Akiendelea kutaga mfululizo, anaweza kufa.

Wafugaji wengi hudhani kwamba hali hii humjia ndege yenyewe. Ukweli ni kuwa mara nyingi huchochewa na mfugaji bila kujua, na ndiye anayeweza kuituliza.

Kaunti za Homa Bay na Migori ziko karibu na Ikweta, hivyo mchana hudumu takriban saa 12 mwaka mzima. Katika nchi za baridi, kurefuka kwa mchana humwashiria ndege kuwa wakati wa kuzaa umewadia. Huku kwetu mvua, na chakula tele kinachofuata, huwa na uzito zaidi. Taa inayowaka sebuleni hadi usiku wa manane nayo humrefushia ndege mchana isivyo kawaida.

Dalili

Kasuku anayetafuta kiota hujificha mahali penye giza, hurarua karatasi na kuwa mkali kwa anayekaribia tundu lake. Jike huinama na kutetemesha mabawa. Dume, na pengine jike pia, humcheulia chakula mtu aliyemzoea, akimchukulia kuwa mwenzi.

Kasuku wadogo wa Fischer hupevuka kabla ya kutimiza mwaka mmoja au karibu na hapo. Kasuku wa kijivu, maarufu kwa kuiga maneno, huchukua miaka kadhaa.

Mambo ya kubadilisha

Kwanza ni mwanga. Ndege afunikwe au ahamishiwe chumba tulivu kuanzia saa moja jioni hadi saa moja asubuhi.

Pili ni kiota. Sanduku, kikapu, gunia na karatasi za kurarua viondolewe, naye azuiwe kuingia kabatini au chini ya makochi. Kioo pia kitolewe, kwani huidhania sura yake kuwa mwenzi.

Tatu ni chakula. Alizeti, karanga na vyakula laini vya moto vipunguzwe, na mboga ziongezwe. Sukuma wiki ina madini ya kalsiamu, sawa na maganda ya mayai yaliyochemshwa na kusagwa. Asipewe avokado kamwe, kwani ni sumu kwa kasuku.

Nne ni mguso. Ashikwe kichwani na shingoni pekee. Kupapasa mgongo, tumbo au chini ya mabawa humwamsha hamu ya kujamiiana. Akianza kucheua, arudishwe tunduni kwa upole, bila kupigwa wala kukaripiwa.

Mayai yakitagwa

Kosa la kawaida ni kuyaondoa mara moja. Jike hutaga mengine kujazia pengo, na kalsiamu huzidi kumwishia. Ni afadhali aachiwe ayaatamie mpaka ayachoke mwenyewe. Kasuku wa Fischer huatamia kwa takriban siku 23 na wa kijivu kwa takriban siku 28 hadi 30. Kama kuna dume, mayai huchemshwa, yakapoa, kisha hurudishwa ili yasianguliwe.

Hatari kubwa ni yai kukwama. Ndege hujivimbisha manyoya, hukaa sakafuni mwa tundu, hujikamua na kupumua kwa shida, na miguu yaweza kulegea. Hii ni dharura ya saa chache. Awekwe mahali penye joto na utulivu, kisha apelekwe haraka kwa daktari wa mifugo. Tumbo lisibonyezwe, kwani yai linaweza kuvunjikia ndani.

Sheria

Mfugaji asishawishike kugeuza mayai hayo kuwa biashara. Chini ya sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013, kumfuga au kumzalisha kasuku wa porini kunahitaji kibali kutoka kwa Shirika la Huduma za Wanyamapori (KWS). Biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu waliokamatwa porini ilipigwa marufuku kufuatia uamuzi wa mkutano wa CITES mjini Johannesburg mwaka 2016, ulioanza kutekelezwa Januari 2017.

Ng'ambo ya mpaka wa Isebania, kaskazini mwa Tanzania, ndiko asili ya kasuku wa Fischer. Mwaka 1987 ndege huyo aliongoza duniani kwa idadi ya ndege wa porini waliouzwa kimataifa, na wengi walipelekwa Ulaya. Idadi yake porini ilipungua sana.

Kwa hivyo mwenye kasuku nyumbani ana wajibu wa aina mbili: kumwepushia ndege wake uzazi usio na faida, na kutonunua mwingine aliyenaswa msituni ili awe mwenzi wake.