Joto la Samadi

Sisi watu wa pwani hatukurithi jina la majira yale ambamo nchi za kaskazini hutoka katika baridi kali na kuelekea kwenye kiangazi chao. Mfasiri hujaribiwa kuyaita masika, kwa kuwa nayo yana mvua, nayo huchipuza. Lakini mvua ya masika yetu huangukia udongo wenye joto, na mbegu huamka baada ya siku chache. Mvua ya kule huangukia udongo wa baridi. Mbegu hulowa, hungoja, na aghalabu huoza. Kwa hivyo historia ya bustani za mboga za kaskazini ni historia ya kulitafuta joto, na joto hilo tangu kale lilikuwa na bei.

Pliny Mkubwa, mwandishi wa Kirumi wa karne ya kwanza, anasimulia kwamba Kaizari Tiberius hakupitisha siku bila kupata tango. Wakulima wake walilipanda katika vitanda vyenye magurudumu, wakivisukuma juani, na siku za baridi wakivifunika kwa mawe yapitishayo nuru. Tango la Kaizari limehifadhiwa kitabuni. Majina ya waliosukuma vitanda hayamo.

Yapata miaka 1,700 baadaye tunalikuta tango hilo katika kijiji cha Selborne, kusini mwa Uingereza, kwa kasisi Gilbert White (1720–1793). Kuanzia mwaka 1751 aliweka daftari la bustani, akiandika alichopanda, alichovuna, na hali ya hewa. Nguzo ya kazi yake ilikuwa samadi. Samadi mbichi hurundikwa, nayo inapooza hutoa joto. Juu yake hutandazwa udongo, na juu ya udongo huwekwa fremu ya kioo. Ikiwa bado kali mno, huunguza mizizi. Ikilowa mvua kupita kiasi, hupoa, na kazi ya majuma mengi hupotea. Na nyuki je, ikiwa hawaingii ndani ya fremu? White alishauri yapakwe asali kidogo maua ya tango, ya dume na ya jike, ili wavutike. Ushauri huu mfupi una ushairi uzidio beti nyingi.

Mikono iliyoshika uma na jembe, hata hivyo, haikuwa ya kasisi peke yake. Thomas Hoar, mtumishi wake kwa takriban miaka 40, ndiye aliyeitunza bustani, na bwana wake aliposafiri, ndiye aliyebaki akiandika habari za hewa na mimea. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Lakini mara nyingi huinama mmoja, akala mwingine. Fadhila ya madaftari ya Selborne ni kwamba aliyeinama naye ametajwa.

Kioo chenyewe kilikuwa na kikwazo chake. Tangu miaka ya 1740 serikali ya Uingereza ilikitoza kodi kwa uzito, na nyumba ya kioo ikawa pambo la wenye majumba makubwa. Kodi hiyo ilifutwa mwaka 1845, na taratibu kioo kikashuka hadi kwenye viwanja vya watu wa kawaida. Leo mtu wa kaskazini mwenye kibanda cha kioo au cha plastiki nyuma ya nyumba yake anamiliki kitu ambacho Kaizari alikihesabu kuwa anasa.

Hata hivyo, kibanda hakijalifuta jasho. Huzuia upepo na mvua, lakini hakiwezi kuliita jua. Na unyevu ukifungiwa ndani huleta ukungu, basi sharti mtu afungue asubuhi na afunge jioni, siku baada ya siku. Anayekula tango la mapema anakula uangalizi wa mtu. Ni haki jina la mtu huyo liandikwe, japo kwa mstari mmoja, kando ya tarehe ya kupanda.