Kutoka Kamina hadi Taita: Missa Luba na Boniface Mganga



Katika jubilei majina mengi husomwa. Jina moja ambalo sisi watu wa Taita hatulitaji vya kutosha ni la Boniface Mganga. Wengi humkumbuka kama mheshimiwa, maana mwaka 2002 Voi ilimpeleka Bunge. Kwa maoni yangu kazi yake kubwa ilikuwa mbele ya kwaya.

Tuanzie hapa jirani. Misioni ya Bura ilifunguliwa na Mapadre wa Roho Mtakatifu mwaka 1892, na kwa miaka mingi Misa ilikuwa kwa Kilatini. Wazee wetu waliimba Kyrie (ambayo kwa kweli ni Kigiriki, lakini nani aliuliza?), Gloria na Sanctus. Ni Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1963, uliofungua mlango kwa lugha za wenyeji.

Miaka mitano kabla ya hapo, mjini Kamina nchini Kongo, Padre Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, aliongoza kwaya ya wavulana na walimu wao kuimba Missa Luba. Maneno yalibaki ya Kilatini, lakini tuni zilikuwa za nyumbani kwao. Kyrie ilifuata wimbo wa maombolezo, Sanctus wimbo wa kuagana, na Hosanna ikaingia na mdundo wa ngoma ya Kasai. Mmoja alianzisha, wengine wakaitikia. Mengi yalibuniwa papo hapo, nota zikaandikwa baadaye.

Hapo ndipo penye kazi kwa kwaya nyingine yoyote. Wimbo uliozaliwa hivyo utaufundishaje? Ukifuata nota peke yake unapata mifupa. Ukiiga santuri ya wenyewe unakuwa kasuku. Lazima usome nota, utege sikio, kisha umwachie mwanzilishi nafasi ya kupumua na kupamba, huku sauti nne zikimshikilia asipotee. Kila mwalimu wa kwaya anajua kazi hiyo huchukua jioni ngapi.

Mganga aliibeba. Akiwa na Muungano National Choir aliirekodi Missa Luba kwa kampuni ya Philips, na rekodi ikatoka mwaka 1990. Isikilizeni. Hao si wavulana wa Kamina tena, ni wanawake na wanaume wa Kenya, wenye uzito wao kwenye besi. Na katika rekodi hiyo hiyo aliweka nyimbo za kienyeji za Kenya, kando ya Misa, bila kuomba radhi. Mimi naipenda zaidi sehemu hiyo. Nyimbo ambazo watu walizoea kuziita za kijijini zilipewa mazoezi yale yale na heshima ile ile.

Kwetu bado kuna tuni za Kidawida zinazoimbwa matangani na harusini ambazo ziko vichwani mwa akina mama wachache tu. Mwenye kuzijua, au aliye na solfa yake hata kwenye daftari kuukuu, aje nayo mazoezini. Kalamu tunazo.