Mwili haujasahau njaa: kutoka Masasi na Newala hadi daieti za leo

Fungua simu yako leo, hutakosa mtu anayekuahidi kupungua kilo 10 kwa wiki mbili. Kunywa hiki, acha kile, lala bila kula. Watu wanajaribu na wanapungua kweli, lakini baada ya miezi michache kilo zinarudi, tena na nyongeza. Kwa nini? Sehemu ya jibu tunaipata kwenye historia ya Masasi na Newala.

Vita vya Maji Maji vilipofika Masasi mwaka 1905, misheni ya pale ilichomwa moto. Wajerumani walijibu kwa kuteketeza vijiji, mashamba na maghala ya kusini, na njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Mwaka 1906 mtafiti Mjerumani, Karl Weule, alipita Masasi kisha akapanda Newala, juu ya uwanda wa Makonde. Huko maji yalikuwa shida kubwa. Ardhi ni ya kichanga, mvua inazama yote, hivyo wanawake waliteremka bondeni kuchota, kisha wakaupanda mlima na mzigo kichwani.

Chakula kilikuwa mtama, muhogo, kunde, mbaazi, njugumawe na mboga za majani. Ghala likikauka kabla ya mavuno, muhogo uliobaki ardhini ndio uliokuwa akiba. Tusidanganyane: wembamba wa enzi zile mara nyingi haukuwa afya, ulikuwa njaa.

Sasa njaa inaufanya nini mwili? Mwaka 1944 na 1945, Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, aliwachukua vijana 36 wa kiume waliojitolea, akawapa karibu nusu ya chakula walichozoea kwa miezi sita. Walipoteza kama robo ya uzito wao. Lakini miili yao ilianza kubana matumizi ya nishati: walihisi baridi, walichoka, wakawa hawawazi kingine ila chakula. Waliporuhusiwa kula, baadhi yao walikula bila kushiba, na mafuta yakarudi haraka kuliko misuli.

Yaani mwili haujui kama chakula kimekatwa na vita, na ukame, au na wewe mwenyewe kwa sababu ya harusi ya mwezi ujao. Unajihami vilevile.

Tangu hapo maisha yamebadilika. Kuanzia miaka ya 1950, mradi wa maji ulianza kuyapandisha maji kwa pampu hadi uwandani, na kila bomba lililofika kijijini liliwapunguzia akina mama safari ya bondeni. Hakuna wa kutamani mateso yale yarudi. Ila zimekuja pia sembe, chipsi, soda na bodaboda. Kitaifa, wanawake wa miaka 15 hadi 49 wenye uzito uliozidi walikuwa asilimia 18 mwaka 2004–05. Kufikia 2015–16 walikuwa 28.

Tufanyeje basi? Tusiirudie njaa. Turudishe chakula cha uwandani, na kutembea. Kunde na mbaazi zina protini na nyuzinyuzi, zinashibisha kwa muda mrefu. Dona au mtama uchukue nafasi ya sembe, tonge lipungue, mboga iongezeke. Kisamvu ni kizuri, lakini angalia wingi wa nazi na karanga. Hata korosho, fahari ya Newala na Masasi, ina zaidi ya kalori 550 kwa gramu 100, kwa hiyo kiganja kimoja kinatosha. Safari fupi ziende kwa miguu.

Ukipungua nusu kilo kwa wiki, usione umechelewa. Kwa mwendo huo huna haja ya kulala njaa, na chakula unachokula leo utaweza kuendelea nacho hata mwakani.