Njia ya Kuufikia Mlango

Ni rahisi kuufungua mlango na kutangaza kwamba kila mtu anaweza kuingia. Tangazo la namna hiyo husikika kuwa la haki, maana halimtengi mwanamume wala mwanamke, tajiri wala maskini. Lakini mlango hauijui njia. Haujui ni nani aliyefika kwa gari na ni nani aliyepanda mlima na mtoto mgongoni. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hakikuwafungia wanawake mlango kwa sheria hata siku moja. Walakini kwa miaka mingi waliopita mlangoni humo walikuwa wachache mno. Yafaa kuuliza kwa nini ilikuwa hivyo, na ni kitu gani kilichofanywa ili mambo yabadilike.

Kwanza utazamwe urefu wa njia yenyewe. Uwanda wa Kitulo, katika wilaya ya Makete mkoani Njombe, umeinuka kiasi cha meta 2,600 juu ya usawa wa bahari. Umepata jina la Bustani ya Mungu kwa wingi wa maua yake, na mwaka 2005 ulifanywa Hifadhi ya Taifa. Kandokando ya uwanda huo watu hulima viazi na pareto katika baridi kali. Mtu atokaye huko kwenda Dar es Salaam aweza kushika njia ya Njombe mpaka Makambako, mji ambamo barabara ya kutoka Songea hukutana na barabara kuu ya Zambia na reli ya TAZARA. Kisha humbakia safari ya zaidi ya kilomita 600 kuelekea pwani. Wasichana wengi wa nyanda hizo wamepita njia hiyo, lakini aghalabu hawakuwa wakienda chuoni. Walikuwa wakienda kulea watoto wa wenyewe, kufua na kupika katika nyumba za mjini. Basi lililomchukua kijana wa kiume kwenda kusoma ndilo lililomchukua dada yake kwenda kutumika.

Chuo chenyewe kilifunguliwa tarehe 25 Oktoba 1961, majuma machache kabla ya uhuru wa Tanganyika, kikiwa na wanafunzi 14 wa sheria. Mwanamke alikuwa mmoja, Julie Manning. Katika Makerere, chuo kilichoanzishwa mwaka 1922, wanaume walisoma peke yao kwa zaidi ya miaka ishirini, na hata wito wa chuo uliwahimiza wawe wanaume. Wito huo ulibadilishwa mwaka 1945, wanawake sita wa kwanza walipoingia. Chuo cha Dar es Salaam hakikuwa na wito wa namna hiyo wa kufuta. Kilizaliwa pamoja na taifa lililohubiri kwamba binadamu wote ni sawa. Hata hivyo hesabu ya siku ya kwanza ilikuwa mmoja kati ya kumi na wanne.

Sababu haikuwa mlangoni, bali huko chini mahali njia inapoanzia. Shule za sekondari za wasichana zilikuwa chache, na zilikuwa mbali. Anne Makinda, aliyezaliwa Njombe mwaka 1949, alisoma sekondari Masasi na Kilakala, Morogoro, kisha akajifunza uhasibu Mzumbe. Mwaka 1975 aliingia Bungeni, na toka mwaka 2010 hata 2015 alikuwa Spika wa kwanza mwanamke katika Tanzania. Katika mwaka huo huo wa 1975, Julie Manning na Tabitha Siwale waliteuliwa kuwa mawaziri, wanawake wa kwanza kupewa wizara. Mifano hii hutajwa mara nyingi kuwa ushahidi kwamba mwenye bidii hufika. Ni kweli kwamba walifika. Lakini aliyefika haonyeshi idadi ya waliobaki njiani, wala bidii ya wale waliobaki haikuwa lazima pungufu.

Jambo hili lilidhihirika katika Azimio la Musoma la Novemba 1974. Azimio hilo lilikuwa na mikono miwili. Kwa mkono mmoja liliamuru kwamba elimu ya msingi kwa watoto wote, ambayo ilikuwa imepangwa kufikiwa mwaka 1989, ifikiwe mwaka 1977. Kwa amri hiyo watoto wa kike wa vijiji vya mbali, hata vya Makete, waliingia darasani pamoja na kaka zao kwa wingi usiopata kuonekana kabla yake. Kwa mkono wa pili Azimio liliamuru kwamba anayemaliza kidato cha sita asiende chuo kikuu moja kwa moja. Sharti kwanza alitumikie Jeshi la Kujenga Taifa, kisha afanye kazi, halafu apate mapendekezo ya wakuu wake wa kazi na ya Chama.

Nia ya sharti hilo ilikuwa njema. Viongozi walitaka msomi asiwe mtu aliyepanda kutoka dawati moja kwenda dawati jingine pasipo kuijua jasho ya wanaomlipia karo. Nalo lilikuwa sharti moja kwa wote. Lakini miaka ile ya kungoja haikuwa na uzito mmoja. Kwa kijana wa kiume ilikuwa miaka ya kazi na mshahara. Kwa msichana ilikuwa miaka ambayo wazee walidai aolewe, mume alidai mtoto, na mtoto alidai mama. Aliyetaka kurudi kusoma ilimbidi apate idhini nyumbani, na mapendekezo kazini kutoka kwa wakubwa ambao karibu wote walikuwa wanaume. Matokeo yake ni kwamba idadi ya wanawake wanaoingia chuoni ilishuka, na baada ya miaka michache Serikali ikawaondolea wanawake sharti la kungoja. Hapo somo kubwa lilipatikana. Wanawake hawakupewa akili mpya wala hawakutungiwa mtihani mwepesi. Waliondolewa kizuizi ambacho kwa wenzao hakikuwa kizuizi.

Somo hilo lilihitaji watu wa kulitunza, kwa kuwa serikali na vyuo husahau upesi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 wanawake wa chuoni walikuwa wameanza kukutana na kujadiliana, na mwaka 1980 ukaanzishwa mradi wao wa utafiti na kumbukumbu za wanawake. Walikuwamo walimu na watafiti, na kazi yao ya kwanza ilikuwa kukusanya. Mwaka 1983 Ophelia Mascarenhas na Marjorie Mbilinyi walitoa kitabu kilichoorodhesha na kupima maandishi yaliyokuwapo juu ya wanawake wa Tanzania. Mwaka 1991 Magdalena Ngaiza na Bertha Koda walihariri kitabu cha maisha ya wanawake wa kawaida, kama wao wenyewe walivyoyasimulia. Kabla ya hapo, mtu aliyesema kwamba mkulima wa nchi hii ni mwanamke aliweza kuambiwa alete ushahidi. Sasa ushahidi uliwekwa rafuni.

Lakini vitabu havikuwakinga wanafunzi mabwenini. Kwa miaka mingi kikundi cha wanafunzi wa kiume waliojificha chini ya jina la Mzee Punch kilikuwa kikibandika ukutani maandishi na michoro ya kuwafedhehesha watu, hasa wanawake. Aliyetajwa humo aliweza kususiwa na wenziwe, na aliyemfariji alijitia hatarini kutajwa yeye. Wengi waliuita mchezo huo mila ya chuo. Februari 1990 mwanafunzi mmoja wa kike, baada ya kusumbuliwa na kuaibishwa, alijiua. Msiba huo ulizunguka nchi nzima. Wanawake wa chuoni pamoja na chama cha wanawake waandishi wa habari, TAMWA, kilichoanzishwa mwaka 1987, walikataa usizikwe kimya kimya. Ilionekana wazi kwamba msichana aweza kuishinda njia yote, akapita mlangoni, kisha akaangamizwa ndani ya nyumba.

Kutokana na mambo hayo ndipo ilipozaliwa kazi ya kudumu. Katika miaka ya 1990 chuo kiliunda kamati ya masuala ya jinsia. Katika mwongo wa kwanza wa karne hii kikawa na Kituo cha Jinsia pamoja na kanuni za kupinga usumbufu wa kingono. Na baadaye Kituo kikapandishwa kuwa taasisi ya kufundisha na kutafiti. Sheria za nchi nazo zilifuata njia hiyo. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 iliufanya usumbufu wa kingono kuwa kosa la jinai, na sheria ya rushwa ya mwaka 2007 ikamtia hatiani mwenye mamlaka anayedai mwili wa mtu kabla ya kumpa haki yake. Kwa mwanafunzi anayengoja alama kwa mwalimu, kifungu hicho si maneno matupu.

Katika mipango ya chuo, uliobishaniwa sana ni ule wa masomo ya matayarisho kwa wasichana wa sayansi, ulioanza katika miaka ya 1990. Wasichana waliokosa alama za kuingilia kwa kiasi kidogo waliitwa chuoni kwa majuma kadhaa, wakafundishwa, kisha wakapewa mtihani. Aliyefaulu aliingia, na aliyeshindwa alirudi kwao. Makerere nayo, toka mwaka 1990, iliwaongezea wasichana alama moja na nusu katika kuingia. Wapinzani waliviita vyote viwili upendeleo, wakaonya kwamba digrii itashuka thamani na kwamba hata msichana aliyefaulu kwa nguvu zake atadhaniwa amebebwa. Hoja hiyo si ya kudharauliwa, kwa maana dhana hiyo iliwaumiza wengi. Hata hivyo aliyeingia kwa matayarisho alisoma masomo yale yale na kufanya mitihani ile ile ya mwisho. Na alama za kidato cha sita zenyewe hazikupimwa katika mizani isiyo na kasoro. Alama ya msichana aliyechota maji kabla ya darasa, akasoma fizikia katika shule isiyo na maabara, haisemi jambo lile lile isemalo alama ya aliyekuwa na taa, kitabu na wakati.

Kituo cha chuo kikuu huwahudumia hasa waliokwisha kufika. Wale ambao hawajafika wako Makete, Njombe na Makambako, na njia yao hukatika mapema zaidi. Ukimwi uliwaacha watoto wengi wa mkoa huo bila wazazi. Katika utafiti wa taifa wa miaka 2011 na 2012, Njombe ilikuwa na maambukizi ya asilimia 14.8, makubwa kuliko mkoa wowote. Nyumba ikibaki bila mama, wa kwanza kutazamiwa kushika mahali pake ni binti. Kwa miaka mingi pia, msichana aliyepata mimba alifukuzwa shuleni na njia ikamwishia hapo. Ni Novemba 2021 tu ndipo Serikali iliporuhusu wasichana waliojifungua kurudi katika shule za kawaida.

Ruhusa hiyo ni ndugu wa ile iliyofuata Azimio la Musoma, maana zote mbili zilikuja baada ya hasara ambayo ingeweza kuonekana mapema. Toka mwanzo wa chuo hata leo, kila hatua imedaiwa na watu waliokataa kuridhika na mlango kuwa wazi, wakashuka kwenda kuhesabu wanaofika na kuuliza waliko wengine. Kazi hiyo ya kuhesabu na kuuliza ndiyo kazi ya kituo cha namna hii, nayo haitakwisha hata siku wanafunzi wa kike na wa kiume watakapolingana kwa idadi. Basi la Makambako bado linakwenda Dar es Salaam kila siku, na bado humo wamo wasichana wasioshukia Mlimani.