Kidole Tumbo na Mama Mjamzito

Msomaji, mfikirie mama mwenye mimba ya miezi sita huko Kinango, nyuma ya vilima vya Shimba. Usiku ameshikwa na maumivu ya tumbo, anatapika, wala hana hamu ya chakula. Jamaa zake wanamwambia, "Ni mimba tu, mwanangu, vumilia." Huenda wamesema kweli. Lakini huenda pia kidole tumbo, kile kifuko chembamba kilichoshikana na utumbo mpana, kimevimba. Nacho kikipasuka, usaha humwagika tumboni na roho mbili huwa hatarini.

Ugonjwa huu ulielezwa barabara na kupewa jina mwaka 1886 na Reginald Fitz wa Boston, Marekani. Mwaka 1908 Mmarekani mwingine, daktari Babler, alizichunguza habari za wajawazito walioupata, akaonyesha kwamba kilichowaua hasa ni kuchelewa. Mbona walichelewa? Kwa sababu mimba yenyewe huleta kichefuchefu, hulivuta tumbo, na huongeza chembe nyeupe za damu, ambazo kwa mtu mwingine zingekuwa dalili. Mwaka 1932 daktari Baer na wenzake walitumia picha za eksirei, wakaona kwamba mimba ikikua hukisukuma kidole tumbo kuelekea juu. Wachunguzi waliofuata waliona kuwa si kwa kila mama. Wengi bado huumwa chini, upande wa kulia.

Huku kwetu Afrika ya Mashariki palikuwa na kizuizi kingine. Denis Burkitt, mpasuaji aliyefika Uganda mwaka 1946, aliona ugonjwa huu ni nadra kwa watu wa vijijini, naye akadhani sababu yake ni vyakula vyao vyenye nyuzinyuzi nyingi. Lakini nadra si kusema haupo, na jambo lisilotazamiwa ni rahisi kupitwa.

Leo daktari huanza kwa picha ya mawimbi ya sauti, isiyomdhuru mtoto. Akiuthibitisha ugonjwa, kwa kawaida hukikata kidole tumbo hicho ijapokuwa mama ana mimba. Maana kikipasuka humhatarisha mtoto kuliko kisu cha mpasuaji.

Basi, msomaji, ukimsikia mama mjamzito akilalamika kwa maumivu yasiyokoma, usimhimize kuvumilia. Mpeleke hospitali upesi. Kwa mtu wa kijiji cha mbali, safari ni ndefu. Ndiyo sababu yafaa ianze mapema.