Treni na utoto wetu katika Katanga

Kila kizazi kina kitu kilichokifundisha ukubwa wa dunia. Kwetu sisi tuliozaliwa Katanga karibu na mwaka 1980, kitu hicho kilikuwa treni ya abiria. Tunaandika juu yake kwa sababu watoto wetu wengi wanajua mlio wake tu, na hawajaipanda hata siku moja.

Reli ilifika Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, ikitokea kusini kwa njia ya Sakania. Wazungu waliijenga kwanza juu ya shaba, si juu ya watu. Mwaka 1918 ikafika Bukama kwenye mto Lualaba, na mwaka 1928 ikafika Port-Francqui, yaani Ilebo, mbali zaidi ya kilometa 1500. Mwaka 1931 iliungana na reli ya Benguela inayopita Angola mpaka baharini. Mwisho, mwaka 1956, kipande cha Kamina–Kabalo kikatuunganisha na Kalemie na Kindu.

Lakini pamoja na shaba, watu nao walisafiri. Wafanyakazi waliletwa kutoka Kasai, Maniema na pande zingine; wengi miaka ya kwanza hawakuja kwa kupenda. Kila mmoja alikuwa na lugha ya kwao, na kambini wakasikilizana kwa Kiswahili. Kiswahili chetu hiki, chenye Kiluba, Kibemba na Kifaransa ndani, kimekomaa kando ya reli na migodi.

Wakati wetu kampuni iliitwa SNCZ. Darasani, mtoto wa cheminot alikuwa kama mfalme, juu yeye njo alikuwa na habari za Kamina na Kananga. Wavulana tulibishana mashini gani ina nguvu: ya mazutu ao ile ya umeme, ambayo Katanga iliijua tangu mwaka 1952. Vituo tulivikariri kama katekisimu: Likasi, Tenke, Luena, Bukama, Kamina, Kaniama, Luputa, Mwene-Ditu.

Vakansi ikifika, wenye bahati walipanda. Hakuna aliyelala, kila mtoto alitaka dirisha. Luena ulijua tumefika pahali pa makaa ya mawe. Bukama, mama mmoja na mwingine walipita chini ya dirisha na beseni la samaki kichwani. Huko wazee wanasalimia « wakomapo ». Kisha Luputa unasikia « moyo ». Na treni ikikufa katikati ya pori, watu waliwasha moto, wakapika bukari, na mtoto alikula kwa mama yeyote. Pale hakuna aliyeuliza kabila yako.

Tunasema hivyo kwa makusudi, juu reli hiyo hiyo imeona mambo mengine. Mwaka 1992 na 1993, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika jimbo lililoitwa wakati ule Shaba. Maelfu walilala kituoni Likasi na Kolwezi, majuma na miezi, wakingojea treni ya kuwapeleka nchi ambayo wengi wao hawakuizaliwa. Wengine walikufa pale pale wakingojea. Sisi tulikuwa watoto. Tuliona viti vya wenzetu darasani vinabaki bila mtu. Treni iliyoleta babu zao kwa kazi ilibeba wajukuu kwa machozi. Chuma hakina kosa. Ni moyo wa watu unaoamua treni inabeba nini.

Tangu miaka ile treni za abiria zilipungua, reli ikazeeka, na mizigo mingi ikahamia kwenye malori. Mtu anaweza kusema: basi, hiyo ni habari ya zamani. Sisi walimu hatukubali. Mtoto ambaye hajapita Bukama anaweza kudanganywa kwa urahisi kwamba mtu wa Bukama ni mgeni. Jiografia tunayoichora ubaoni haina harufu ya samaki wala salamu za watu.

Kwa hiyo tunawaomba wazazi na walimu wenzetu: katika kila mtaa kuna mzee aliyefanya kazi ya reli. Mumwite shuleni, akae mbele ya watoto, awataje vituo kwa mpangilio, na aseme yote mawili, furaha na machozi. Wahenga walisema: mtembea bure si mkaa bure. Na asiyeweza kutembea leo, asafirishwe walau kwa masikio.