Figo za ukoo, mbung'o na kidonge kilicho kwenye majaribio

SEHEMU YA 1

Leo mfululizo wetu ni wa historia, kwa hiyo kama unanyonyesha kaa vizuri, ni ndefu kidogo.

Kuna swali linanijia kwenye meseji kila mara, maneno yanabadilika lakini maumivu ni yale yale. "Nesi, baba yangu mzazi alifariki kwa figo. Sasa mwanangu anaamka amevimba uso. Mawifi wanasema nimewaingizia ugonjwa kwenye ukoo wao."

Kwanza, uso wa mtoto kuvimba asubuhi una sababu nyingi na nyingine zinatibika kabisa, kwa hiyo aletwe apimwe kabla ya kikao cha ukoo. Pili, magonjwa ya figo ya kurithi yapo, tena si mamoja. Kuna ule wa figo kujaa vifuko vya maji. Huo mzazi mmoja anatosha kumrithisha mtoto, awe baba au mama. Lakini kuna mwingine unaotuhusu zaidi sisi watu weusi, na chanzo chake ni cha ajabu: umeanzia kwa mbung'o.

SEHEMU YA 2

Mbung'o tunamjua. Wengine mnamwita ndorobo. Anayechunga upande wa Mkomazi haitaji kufundishwa, ng'ombe wakikonda na kudhoofika bila sababu anajua ni nagana. Mwaka 1895 daktari Mwingereza David Bruce, akiwa Zululand, alionyesha kwamba nagana inaletwa na kimelea kidogo cha kwenye damu kinachobebwa na mbung'o.

Sasa jiulize: mbung'o anamuuma ng'ombe, anamuuma na mchungaji. Ng'ombe anakufa. Mchungaji anajikuna tu. Kwa nini?

Mwaka 1902 Mfaransa Alphonse Laveran aliona kwamba majimaji ya damu ya binadamu yanakiua kile kimelea cha nagana. Yaani ndani ya damu yetu kuna silaha. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, madaktari wa jeshi la Wajerumani huku Afrika Mashariki, Max Taute na mwenzake Huber, walijidunga damu ya wanyama wenye vimelea hivyo kuhakikisha. Wakawadunga pia wenyeji zaidi ya 100. Hakuna aliyeugua, hilo linaandikwa vitabuni kwa furaha. Mimi huwa najiuliza hao zaidi ya 100 waliulizwa kwa lugha gani, na nani angeweza kumkatalia daktari wa jeshi.

SEHEMU YA 3

Tatizo ni kwamba kimelea nacho kina akili yake. Kuna aina iliyojifunza kuipita ile silaha, nayo ndiyo inayoleta malale kwa binadamu. Ile ya upande wetu wa mashariki ilitambuliwa mwaka 1910, inaitwa rodesiensi, na ni kali: inaweza kuua ndani ya miezi.

Hapo tunafika Tinde, Shinyanga. Kuanzia miaka ya 1930 serikali ya Waingereza iliendesha utafiti mrefu pale. Walichukua kimelea cha malale, wakakipitisha kwa mbung'o na kwa kondoo na swala, mwaka baada ya mwaka, wakitaka kujua kama kikikaa kwa wanyama kitapoteza nguvu kwa binadamu. Na njia ya kujua ilikuwa moja tu: mbung'o aliyebeba kimelea amuume mtu. Hao watu wameandikwa kuwa "waliojitolea", Waafrika. Wakiugua walitibiwa. Wengine waliumwa na mbung'o na hawakupata ugonjwa, na watafiti wakasema lazima vimelea viingie kwa wingi fulani ndipo mtu augue.

Dawa ya malale ya wakati huo, ambayo Wajerumani waliiita Bayer 205 na sisi wauguzi tunaijua kama suramini, ina tabia moja nataka muikumbuke: inaweza kuumiza figo. Ndiyo maana anayechomwa suramini lazima apimwe mkojo kuona kama unatoa protini.

SEHEMU YA 4 (hapa ndipo penyewe)

Miaka ikapita. Mwaka 2003 watafiti wa Brussels wakaitambua silaha yetu kwa jina: ni protini iitwayo APOL1. Kazi yake ni kama ya msumari. Inaingia kwenye kimelea, inakitoboa tundu, kinavimba na kufa.

Kila protini mwilini inatengenezwa kwa maelekezo ya jeni. Jeni, siyo jini, jamani, msicheke. Kila mtu ana nakala mbili za jeni hiyo, moja ya baba na moja ya mama.

Mwaka 2010 ndipo kishindo kikaja. Watafiti wa Marekani walikuwa wanatafuta kwa nini Wamarekani weusi wanaugua figo kuliko weupe. Miaka mingi lawama ilikuwa kwenye chumvi, presha na umaskini, na kweli hivyo vina mchango wake. Lakini walikuta kwamba wengi wa wagonjwa walikuwa na APOL1 iliyobadilika kidogo, aina mbili walizoziita G1 na G2. Wakachukua damu yenye mabadiliko hayo wakaijaribu kwa vimelea. Ikaua hata ile rodesiensi kali ambayo damu ya kawaida inashindwa!

Unaona mambo? Mababu waliokuwa na jeni hiyo walipona malale, wakazaa, wakaturithisha. Ila mtu akirithi nakala mbili zilizobadilika, ule msumari unaweza kugeuka ukatoboa chembe za figo zake mwenyewe. Chujio linaharibika, protini inavuja kwenye mkojo.

Kwa hiyo mama, rudi kwa mawifi. Ugonjwa huu unakuwa na nguvu zaidi pale mtoto anapopata nakala moja kwako na nyingine kwa mwana wao. Ukoo wenu na ukoo wao, wote wapo mezani. Na hata mwenye nakala mbili, wengi hawaugui maisha yao yote. Kinachohitajika kuuamsha kinaweza kuwa maambukizi mengine, kama Virusi vya UKIMWI visivyotibiwa.

Kuna kitendawili hapa. Rodesiensi ni ya kwetu mashariki, lakini jeni hizo zimejaa zaidi Afrika Magharibi. Utafiti wa Ghana na Nigeria uliotoka 2024, wa watu zaidi ya 8,000, ulikuta karibu watu 3 kati ya 10 wana nakala mbili, na ukaonyesha hata nakala moja inaongeza hatari kidogo. Kwetu mashariki zipo kwa uchache, na Waethiopia waliopimwa hawakukutwa nazo.

SEHEMU YA 5

Sasa kidonge. Kinaitwa inaxaplin, cha kampuni ya Vertex ya Marekani. Kinachofanya ni kuziba lile tundu. Matokeo ya kwanza yalitoka Machi 2023: wagonjwa 16 tu waliingia, wote wana nakala mbili, wakameza wiki 13. Kwa wale 13 waliomeza ipasavyo, protini kwenye mkojo ilishuka karibu nusu. Jaribio kubwa zaidi lilianza 2022, ndilo la kuonyesha kama figo zenyewe zinaokoka.

Protini kushuka si sawa na kupona, naomba tuelewane. Na kidonge hiki hakimhusu mwenye vifuko vya maji wala figo zilizoharibiwa na kisukari. Ninapoandika bado kiko kwenye majaribio, kwa hiyo mtu akipita Maore sokoni anauza "dawa ya jeni ya figo", usitoe hata mia.

Siku majaribio ya namna hii yakifika kwetu, msiyakimbie na msiyafuate kama kondoo wa Tinde. Utafiti kwa binadamu hapa Tanzania lazima upate kibali cha maadili, na NIMR ndiyo yenye dhamana hiyo kitaifa. Unayo haki ya kusomewa fomu kwa Kiswahili, kuuliza madhara, kwenda nyumbani kushauriana na mwenzako, kukataa, hata kujitoa katikati, na matibabu yako ya kawaida yakaendelea. Hao wa Tinde hawakuachiwa fomu ya kuonyesha waliambiwa nini.

Wanaofikia mwisho wa figo tunao: kusafisha damu mara kadhaa kwa wiki, au kupandikizwa. Muhimbili ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza Novemba 2017, Benjamin Mkapa Dodoma ikafuata 2018. Kabla ya hapo ilikuwa ni India, na mnajua nauli ya India inauza mashamba mangapi ya mpunga.

Kipimo cha jeni hatuna hapa kituoni. Kijiti cha kupima protini kwenye mkojo ndicho tunachotumia, na majibu ni dakika chache. Kama kwenu kuna mzazi, kaka au dada aliyeugua figo kabla ya uzee, njoo na watoto hata kama hawaumwi. Mkojo wa asubuhi ndio mzuri, kwenye chupa safi isiyokuwa ya soda, na mtoto aje mwenyewe tumpime na presha.